Kioo si mtihani: Anachojifunza mtoto mdogo anapochezea sura yake

JE, mzazi, umewahi kumtazama mwanao wa mwaka mmoja au miwili anapojikuta mbele ya kioo cha kabati? Kwanza hukodoa macho. Kisha hucheka, hukipiga kioo kwa kiganja, hukilamba, hukibusu, na mwisho huzunguka nyuma ya mlango wa kabati kumtafuta yule mtoto mwingine. Wengi wetu hucheka tu na kuendelea na shughuli zetu. Wengine humwondoa mbio wakihofia kwamba atakivunja au atakichafua kwa mate.

Hata hivyo, kwa mtoto wa umri huo si mchezo wa bure. Mbele ya kioo anafanya kazi ambayo sisi watu wazima tuliisahau zamani: anatafuta kujua yeye ni nani, mwili wake unaanzia wapi na kuishia wapi, na watu wengine wanapomtazama huona nini.

Jambo hili pia limekuwa chanzo cha wasiwasi kwa wazazi wa mijini. Vitabu vya malezi husema kwamba mtoto hujitambua kwenye kioo kati ya umri wa miezi 18 na miaka miwili. Mama anayeishi Section 58, Kaptembwo au Free Area mjini Nakuru akisoma hayo, kisha aone wake wa miaka miwili na nusu anakitazama kioo bila kufanya lolote, huanza kujiuliza kama akili ya mtoto ina hitilafu. Jirani naye hachelewi kumwambia kwamba wa kwake alijijua hata kabla hajaachishwa kunyonya.

Makala haya yanaeleza kile ambacho kioo humfundisha mtoto, jinsi ya kukitumia bila hatari, na kwa nini mzazi hapa Kenya hapaswi kukifanya kioo kuwa mtihani wa akili.

HATUA KWA HATUA

Mtoto mchanga haoni mbali. Katika majuma ya kwanza huona vyema vitu vilivyo umbali wa takriban sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama anayemnyonyesha. Ukimwekea kioo hapo atavutiwa na uso anaouona, lakini hajui ni wa nani.

Kati ya miezi mitatu na sita huanza kuitabasamia sura iliyo kiooni na kuinyoshea mkono. Kuanzia hapo hadi atimize mwaka mmoja, sura hiyo huwa rafiki wa kucheza naye. Huizungumzia kwa lugha yake ya kitoto, huipa kitu alichoshika, hushangaa kwamba haipokei.

Baada ya mwaka mmoja mambo hubadilika. Mtoto huanza kufanya majaribio. Huinua mkono polepole akitazama kama yule wa kiooni naye atainua. Hutoa ulimi, huinama, huchungulia pembeni mwa kioo. Wengine katika kipindi hiki hugeuza uso, hulia au hujificha nyuma ya mama yao. Hilo lisikutie hofu. Ni dalili kwamba ameng'amua kuwa yule si mtoto wa kawaida, ila hajajua bado ni nani.

Kati ya miezi 18 na 24, watoto wengi waliozoea vioo hulipata jawabu. Hapo mtoto akiona uji umemganda shavuni, hatagusa kioo tena. Atagusa shavu lake.

Kumbuka kwamba hizi ni hatua za jumla. Kuna anayewahi na kuna anayechelewa, na wote wakawa wazima.

JARIBIO LA ALAMA

Wanasayansi walijuaje haya yote ilhali mtoto wa umri huo hawezi kujieleza? Mwaka wa 1970 Gordon Gallup, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia sokwe. Aliwaacha wakizoee kioo kwa siku kadhaa, kisha akawapaka rangi usoni wakiwa wamelala kwa nguvu ya dawa. Walipozinduka na kujiona kiooni, walijigusa wenyewe pale penye rangi. Tumbili waliofanyiwa jaribio lilo hilo hawakufanya hivyo. Waliendelea kumchukulia yule wa kiooni kuwa tumbili mwingine. Hata nyani, ambao kila aliyetembelea Mbuga ya Ziwa Nakuru anajua walivyo wajanja wa kupora ndizi garini, kwa kawaida hawapiti jaribio hili.

Mwaka wa 1972, mtafiti mwingine wa Marekani, Beulah Amsterdam, alichapisha matokeo ya jaribio kama hilo kwa watoto 88 wa umri wa miezi mitatu hadi 24. Mtoto alipakwa doa la rangi puani bila kujua, kisha akawekwa mbele ya kioo. Wadogo walicheza na sura waliyoiona. Wengi wa wale wa miezi 20 hadi 24 walionyesha kwamba wanajua pua hiyo ni yao.

Tangu wakati huo jaribio la alama limetumika kote duniani kama kipimo cha mtoto kujitambua. Hapo ndipo vitabu vya malezi vilipopata ile hesabu ya miezi 18 hadi 24.

MAMBO MANNE ANAYOJIFUNZA

La kwanza ni uhusiano kati ya kile anachokihisi na kile anachokiona. Mtoto anahisi mkono wake ukipanda, na wakati huo huo anaona mkono ukipanda kiooni. Hakuna mtu mwingine duniani awezaye kumfuata kwa usawa kama huo, bila kukosea wala kuchelewa. Kutokana na hayo anajifunza kwamba mwili ule anauendesha yeye.

Kwa sababu hii picha haiwezi kuchukua nafasi ya kioo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1996, Daniel Povinelli na wenzake waliwabandika watoto stika kichwani kwa siri walipokuwa wakicheza, kisha baada ya dakika chache wakawaonyesha filamu ya mchezo huo. Watoto wengi wa miaka miwili na mitatu hawakuitafuta stika kichwani mwao. Wale wa miaka minne waliitafuta. Mtoto mdogo huelewa upesi kitu kinachomjibu papo hapo. Kilichopita dakika tatu zilizopita bado ni kigumu kwake.

La pili ni mahali vitu vilipo. Ukiwa nyuma yake huku umeshika mwanasesere, mtoto mdogo atajaribu kumchukua kutoka ndani ya kioo. Akikua kidogo atageuka na kumchukua mkononi mwako. Ameelewa kwamba kilicho kiooni kiko kwingineko, na kwamba macho peke yake hayatoshi kumwambia kitu kiko wapi.

La tatu ni lugha. Mbele ya kioo mtoto hujifunza pua, sikio, kidevu na paji la uso, viungo ambavyo hawezi kuviona kwa njia nyingine. Hujifunza pia kujitaja. Msikilize mwanao wa miaka miwili. Leo atasema, "Baraka ataka maji," kana kwamba Baraka ni mtu mwingine. Baada ya muda atasema, "Nataka maji." Hiyo herufi moja mwanzoni mwa kitenzi ni hatua kubwa. Watafiti Michael Lewis na Douglas Ramsay walionyesha mwaka wa 2004 kwamba watoto wanaojitambua kiooni ndio pia wanaotumia zaidi maneno ya kujitaja na michezo ya kuigiza, kama vile kujifanya wanapika au wanapiga simu.

La nne ni hisia. Mtoto asiyejua kwamba anaonekana hawezi kuona haya. Anapoanza kujitambua, ndipo unapomwona akifunika uso wageni wakimsifu, akijivunia viatu vipya, au akiinamisha kichwa baada ya kumwaga chai. Wakati huo huo huruma nayo huchipuka. Doris Bischof-Köhler, mtafiti wa masuala ya watoto huko Ulaya, aliona kwamba watoto waliojitambua kiooni ndio waliojaribu kumfariji mtu aliyehuzunika. Anayejua kwamba yeye ni mtu huanza kuelewa kwamba mwenzake naye ni mtu.

WATOTO WA KENYA WALIPOPIMWA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya malezi havilisemi.

Mwaka wa 2011 jarida moja la saikolojia linalolinganisha tamaduni lilichapisha utafiti wa Tanya Broesch, Philippe Rochat na wenzao. Watafiti hao walilifanya jaribio la alama kwa watoto 82 hapa Kenya. Watoto hao hawakuwa wachanga. Walikuwa na umri wa kuanzia miezi 18 hadi miezi 72, yaani miaka sita. Kati yao, ni wawili tu waliojigusa kwenye alama au kuiondoa. Waliosalia walisimama kimya wakijitazama.

Je, hii ina maana kwamba mtoto wa Kenya wa miaka mitano, anayejua jina lake na jina la babu yake, hajui kwamba yeye ni yeye? Watafiti wenyewe walikataa tafsiri hiyo. Walipofanya jaribio hilo kwa watoto wa Fiji, Saint Lucia, Grenada na Peru, waliogusa alama pia walikuwa wachache wakilinganishwa na wenzao wa Marekani na Kanada. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kipimo chenyewe kina kasoro: hakimaanishi jambo moja kila mahali.

Hebu fikiria mwenyewe. Mtoto aliyelelewa kwa adabu anasimama mbele ya mgeni mzima. Anaona kitu kigeni kwenye paji la uso wake. Nani amekiweka? Kwa nini? Anaruhusiwa kukitoa? Mtoto aliyezoea kungoja kauli ya mkubwa atasubiri aambiwe. Kusimama kwake kimya hakumaanishi kwamba hajitambui. Huenda ikawa ndiyo adabu aliyofunzwa nyumbani.

SOMO KUTOKA KOKWET

Jambo kama hili lilikwisha kuonekana katika Bonde la Ufa miaka mingi kabla ya utafiti huo. Katika miaka ya 1970, Wamarekani wawili, Charles Super na Sara Harkness, waliishi miongoni mwa Wakipsigis katika jamii ya nyanda za juu iliyoitwa Kokwet, wakichunguza namna watoto wanavyokua.

Super aligundua kwamba watoto wa Kokwet waliketi na kutembea mapema kuliko wale wa Marekani, kwa takriban mwezi mmoja. Sababu ilikuwa wazi. Wazazi waliwafundisha. Mtoto alichimbiwa kishimo kidogo ardhini na kukingwa kwa blanketi ili akae wima, na kila siku aliinuliwa kwa mikono apige hatua. Kwa upande mwingine, katika yale ambayo hakuna aliyewafanyisha, kama vile kutambaa, hawakuwatangulia wenzao. Mtoto huendelea upesi katika kile ambacho watu wake wanakithamini na kumzoesha.

Aidha, mwaka wa 1977 Harkness na Super waliandika kuhusu ugumu wa kuwapima watoto wa Afrika. Mtoto wa Kokwet alipoombwa na mtu mzima asiyemjua amsimulie hadithi aliyoisikia, mara nyingi alinyamaza. Kwenye karatasi ya mtihani angeonekana mzito wa akili. Lakini huyo huyo alikuwa analea mdogo wake, anachunga ndama na kutumwa mbali akarudi na ujumbe kamili. Kilichopimwa kilikuwa mazoea ya kuzungumza na mgeni, wala hakikuwa akili.

WA SCOTLAND KWENYE KIOO, WA ZAMBIA KWENYE MKEKA

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2017 na Josephine Ross na wenzake unalithibitisha hilo vizuri. Walilinganisha watoto wa Scotland, Uturuki na Zambia, ambao ndio kwanza walikuwa wakianza kutembea. Walipewa majaribio mawili. La kwanza lilikuwa la kioo. La pili lilikuwa la kusukuma kigari kilichofungwa kwenye mkeka ambao mtoto mwenyewe alikuwa amesimama juu yake. Kigari hakisogei mpaka atambue kwamba kizuizi ni mwili wake, ashuke mkekani.

Watoto wa Scotland waliwashinda wenzao kwenye kioo. Wale wa Zambia waliwashinda wa Scotland kwenye mkeka. Wote walijitambua, lakini kila mmoja kwa njia aliyozoeshwa.

Kwani hata kioo chenyewe ni kitu kigeni katika historia ya binadamu. Vioo vya kale zaidi vinavyojulikana vilipatikana Çatalhöyük nchini Uturuki, vya miaka ipatayo 8,000 iliyopita. Vilisuguliwa kutokana na lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa, ambalo hapa kwetu hupatikana Eburru na sehemu nyingine za Naivasha na Gilgil. Wazee wa kale wa Bonde la Ufa waliligeuza jiwe hilo kuwa visu na vyembe, kama unavyoweza kujionea katika makumbusho ya Hyrax Hill mjini Nakuru au Kariandusi karibu na Gilgil. Kwa vizazi visivyohesabika watoto walikua bila kioo chochote ila maji yaliyotulia, na wakawa watu kamili.

KIOO CHA KWANZA NI USO WAKO

Kama mtoto anaweza kujitambua bila kioo, basi humwambia nani kwamba yeye ni nani? Mwaka wa 1967 Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika kwamba kioo cha kwanza cha mtoto ni uso wa mama yake. Mtoto akitabasamu, mama hutabasamu. Akikunja uso, mama husema, "Pole mwanangu," naye hukunja uso kidogo. Kwa kumtazama mama, mtoto huona kile anachokihisi yeye mwenyewe.

Mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, alionyesha katika miaka ya 1970 kinachotokea uso huo ukizimika. Mama waliombwa wawatazame watoto wao kwa dakika chache bila kuonyesha hisia yoyote. Watoto walijaribu kila mbinu kuwaamsha: walitabasamu, walinyosha mikono. Waliposhindwa waligeuka upande na kuonyesha huzuni.

Hapa pana funzo kwa sisi tunaoishi na simu mkononi. Mama au yaya anayemlisha mtoto huku macho yakiwa kwenye simu amekifunika kioo muhimu kuliko kile cha kabatini. Halikadhalika, usidhani kwamba kumpa mtoto simu ajitazame ni sawa na kumpa kioo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

MICHEZO YA KUJARIBU NYUMBANI

Huhitaji kununua chochote cha bei ghali. Unachohitaji ni dakika tano au kumi za kukaa na mtoto. Kioo kisicho na mtu kando yake hufundisha kidogo. Jaribu yafuatayo:

* Baada ya kumwogesha, mpake mafuta mbele ya kioo huku ukitaja kila kiungo kwa Kiswahili, na pia kwa lugha ya nyanyake.

* Jifunike leso usoni, kisha ifunue. Halafu mfunike yeye. Mwulize, "Yuko wapi Wanjiru?" Mwache ajitafute kiooni.

* Mvalishe kofia, kisha mvue, kisha uivae wewe. Mwulize kofia iko kwa nani.

* Fanyeni nyuso: ya furaha, ya hasira, ya usingizi, ya mtu aliyeonja ndimu. Taja jina la kila moja.

* Mpe kijiko kinachong'aa. Upande wa nje sura yake itasimama. Upande wa ndani itapinduka kichwa chini. Usimweleze. Mwache ashangae, akigeuze mara kumi.

* Pigeni mswaki pamoja mkitazamana kiooni.

Akichoka, mwache. Akiogopa, usimlazimishe, jaribu tena baada ya majuma kadhaa. Iwapo nyumbani kuna nyanya anayeamini kwamba mtoto akioneshwa kioo mapema meno yatachelewa au hatasema upesi, mweleze kwa heshima kwamba hakuna ushahidi wa kitabibu wa jambo hilo. Wala usigombane naye. Mtoto wake atakua vyema hata akingoja.

Kwa wale ambao watoto wao hushinda katika vituo vya kulelea, kama ilivyo kwa wazazi wengi wa Naivasha wanaofanya kazi katika mashamba ya maua, mwulize msimamizi kama kuna kioo kisichovunjika kilichopigiliwa ukutani kimo cha mtoto. Ni kifaa rahisi kinachoweza kuwafaa watoto wengi.

CHUNGA ULIMI WAKO

Tumesema kwamba mtoto anapojitambua ndipo anapoanza kuona haya. Kwa hiyo anayoyasikia akiwa mbele ya kioo humkaa moyoni. Wengi wetu husema kwa mzaha: "Tazama hicho kipua chako!" au "Umekuwa mweusi kama chungu." Kuna wanaomlinganisha na dadake mwenye rangi ya maji ya kunde. Mtoto wa miaka miwili haelewi kwamba ni mzaha. Ndio kwanza amegundua kwamba ana uso, na tayari ameambiwa kwamba uso huo una walakini.

Mwambie yaliyo kweli na mema: macho yake yanang'aa, meno yake yamekuwa mengi, anafanana na shangazi yake. Mama naye ajihadhari na anavyojisema. Anayesimama mbele ya kioo kila asubuhi akilalamikia mwili wake anafundisha bila kujua.

TAHADHARI

Kioo hukata. Ukinunua kilichokatwa na fundi wa vioo, mwambie asugue makali ya pembeni au akitie fremu. Nyuma yake bandika karatasi ya gundi ili kikipasuka vipande visitawanyike. Kisiegemezwe tu ukutani, kifungwe. Kabati lenye kioo mlangoni pia lifungwe kwa misumari au vyuma vya ukutani, kwa sababu mtoto akiuvuta mlango linaweza kumwangukia. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kioo cha plastiki ndicho bora.

Usimwache mtoto peke yake akijitazama ndani ya beseni au ndoo. Maji ya kina kifupi sana yanatosha kumzamisha, na huzama bila kelele. Usimruhusu kuelekeza mwanga wa jua wa kioo machoni mwake au mwa mwenzake. Ukienda naye saluni, ambako vioo ni vikubwa na vya kuvutia, mweke mbali na pasi za nywele na dawa za kulainisha nywele. Dawa hizo huunguza ngozi na macho, na zikimezwa huunguza koo.

Akikatwa na kioo, bana jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke katika kituo cha afya. Kipande kilichozama ndani usikichomoe mwenyewe. Hakikisha pia kwamba alimaliza chanjo zake za majuma 6, 10 na 14, ambazo humkinga dhidi ya pepopunda.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Mtoto kutojigusa kwenye alama mbele ya kioo hakutoshi kumpeleka hospitalini, na hakuna daktari anayepima usonji kwa kioo. Yapo mambo mengine, hata hivyo, ambayo hayafai kungoja:

* Mboni ya jicho inayoonekana nyeupe, hasa katika picha. Hii inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikigunduliwa mapema hutibika. Nenda mara moja.

* Macho yanayokwenda upande baada ya miezi minne, au mtoto asiyefuata kitu kwa macho.

* Asiyekutazama usoni wala kutabasamu akifika miezi mitatu.

* Asiyegeuka akiitwa jina lake akifika mwaka mmoja, au asiyeonyesha kitu kwa kidole wala kupunga mkono katika miezi inayofuata.

* Asiyetembea akifika miezi 18.

* Aliyekuwa na maneno au ujuzi fulani, kisha akaupoteza, katika umri wowote.

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki kina orodha ya hatua za ukuaji. Usikiache droo mtoto akimaliza chanjo. Kichukue, umwonyeshe muuguzi ukurasa huo na umwulize. Muuguzi akiona haja atakuelekeza kwa daktari, pengine katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wakazi wengi bado huiita PGH.

Kwa yule ambaye mwanawe hana dalili hizo, ila husimama tu akakikodolea macho kioo, jibu ni fupi. Mtoto huyo hajaanguka mtihani wowote. Keti kando yake, mtazame kupitia kioo, mwite jina lake. Akikugeukia na kucheka, amekwisha kukuonyesha kwamba anajua anayeitwa ni yeye.